Fundi Aliongea Juu ya Mchezo: Hotuba ya Jumamosi Makadara

Wengi hamkufika Jumamosi, wengine mvua, wengine mlikuwa mazishini mashambani, na tangu jioni ile simu yangu haijapumzika, kila mtu "tutumie ile maneno uliongea". Basi hii hapa yote vile niliitoa ukumbini. Picha za projekta nimeziacha, na projekta yenyewe ilizima katikati, watu wakacheka sana.

Mwenyekiti wa kamati ya wazazi, walimu wetu, wazazi wenzangu, na nyinyi vijana mliosimama hapo mlangoni mkingojea chai, hamjambo?

Hiyo sauti ni ya watu waliolala njaa. Hamjambo?

Asanteni. Wengi mnanijua, mimi ni fundi, natengeneza redio na amplifaya pale Luthuli Avenue, Nairobi, na mwenyekiti aliponiomba niongee juu ya watoto na uvumbuzi nilimwuliza kwani amekosa mtu wa chuo kikuu? Akaniambia anataka mtu ambaye hatasimama hapa kusomea watu karatasi. Kwa hivyo karatasi sina, nina vitu mfukoni, mtaviona.

Nyoosheni mikono bila kuogopana. Nani hapa wiki hii amemwambia mtoto wake "wacha mchezo, shika kitabu"? Eeh, oneni hiyo mikono! Mwalimu, hata wewe? Na mwenyekiti ameinua nusu.

Sisi tumelelewa tukiambiwa shida ndio inaleta akili. Ukikosa, utabuni. Ni kweli kiasi, mimi mwenyewe nikikosa spea natoa kwa redio iliyokufa naweka kwa ile iko hai, mteja anaenda nyumbani akiimba. Lakini nimekaa kwa hii kazi muda, na nimeona shida inakupa kiraka tu. Breki zikikuishia barabarani utafunga funga na waya mradi ufike, hautaketi hapo kando ya lami ubuni breki ya aina mpya, akili yote iko kwa kufika. Kitu kipya kabisa, kitu ambacho jana hakikuwa duniani, mara nyingi sana ukifuata chanzo chake utapata mtu alikuwa anacheza. Anacheza tu! Na ndio maana nimekubali kuacha duka Jumamosi, siku ya pesa, nije kuwaambia hivyo.

Tuanze na mpira. Si timu za Gor na AFC, tulieni. Mpira wenyewe, ile raba.

Kule ambako leo ni Mexico walichimba kwa matope wakapata mipira ya raba iliyo na zaidi ya miaka 3,500. Sasa mjue raba ni utomvu wa mti, na utomvu ukiwa peke yake ni wa kukasirisha, joto likizidi unanata kila mahali, baridi ikija unakauka na kupasuka. Wale watu waligundua ukiuchanganya na maji ya mmea fulani unaotambaa, unashikana, unavutika, unadunda. Hiyo ni kemia, jameni. Hiyo ni kemia kabla ya mtu yeyote kuandika neno kemia. Na waliifanya kwa sababu gani? Paa lilikuwa linavuja? Walitaka tairi? Tairi la nini na hawakuwa na magari? Walitaka mpira udunde! Walikuwa na mchezo wao wa kupiga mpira mzito kwa nyonga, mpira wa kilo kadhaa, ukikupiga vibaya unalala chini, na walicheza kwa furaha na kwa ibada zao pia. Wahispania walipofika macho yaliwatoka, kwao Ulaya hakukuwa na kitu kinadunda namna hiyo, mpaka kamanda wao Cortés mwaka 1528 akasafirisha wachezaji wazima wazima hadi Uhispania waonwe.

Charles Goodyear, yule Mmarekani ambaye jina lake mnaliona kwa matairi, alikuja kujua kuituliza raba kwa salfa na moto mwaka 1839. Hesabuni wenyewe hapo katikati ni miaka mingapi.

Hiyo tairi nayo ilitoka wapi? Miaka ya 1840 kulikuwa na Mskoti anaitwa Robert Thomson, alisajili wazo la gurudumu lenye upepo ndani, la magari ya farasi, kazi ya watu wakubwa, ya maana, ya heshima. Wazo likalala. Likalala miaka karibu 40, mtu hana habari nalo. Alafu mwaka 1887 kule Belfast, Mskoti mwingine, John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo, mtu wa ndevu ndefu, mtoto wake alikuwa na baiskeli ya magurudumu 3 na barabara zao zilikuwa za mawe, mtoto anatikisika mpaka meno. Mzee akachukua raba nyembamba akatengeneza tyubu, akaijaza upepo, akaifunga kwenye duara la mbao. Na sikizeni vile aliijaribu. Alienda uani na gurudumu la zamani kwa mkono huu na lile jipya kwa mkono huu. Akabingirisha la zamani, likaenda kidogo likachoka likaanguka. Akabingirisha la upepo, likavuka ua wote, likagonga nguzo ya geti, likarudi.

Daktari mzima! Anabingirisha gurudumu uani! Kama ni hapa kwetu majirani wangeita mkutano.

Mwaka uliofuata akapata hataza, na 1889 baiskeli zenye hizo tairi zikaanza kushinda mbio. Leo kila matatu mnayoona Jogoo Road inatembea juu ya baiskeli ya yule mtoto. Na tairi yenyewe ikiisha huku kwetu inaenda wapi? Inarudi kwa watoto, wanaibingirisha na kijiti wakipiga kelele za injini kwa mdomo, ikiisha kabisa inakuwa viatu vya akala. Mimi sijui kama kuna kitu kingine duniani kimeenda na kurudi hivyo kati ya kazi na mchezo.

Na kwa kuwa nimetaja matatu. Kuna abiria yeyote aliwahi kuomba taa za buluu chini ya gari? Kuna mtu alisimama steji akasema mimi sipandi mpaka waweke spika 8? Hakuna. Ni vijana walikuwa wanacheza, wanashindana nani gari lake ni kali. Lakini kwa huo mchezo kuna watu wamejifunza kuchomelea, kupaka rangi ya presha, kupiga waya za stima zisiungue, na mimi nawaambia kama mtu wa Luthuli, baadhi ya mafundi wakali wa amplifaya nimewahi kukaa nao, shule yao ilikuwa matatu.

Haya. Jambo la pili, na hili ndio linanigusa zaidi. Kwa mchezo unakubaliwa kukosea.

Mnawajua Wright, Wilbur na Orville, wale wa ndege. Baba yao alikuwa askofu, na mwaka 1878 alitoka safari akawaletea kidude cha kuchezea, cha mianzi na karatasi na koki, ile ya vizibo vya chupa, kimefungwa raba, ukikiachilia kinapaa mpaka juu ya dari. Kilikuwa kimebuniwa na Mfaransa, Alphonse Pénaud. Wale vijana walikicheza mpaka kikavunjika. Sasa mngekuwa nyinyi? "Si niliwaambia! Hakuna kingine!" Wao wakaanza kujitengenezea vyao. Wakafanya saizi ileile, kikapaa. Wakafanya kikubwa zaidi, kikasumbua. Wakafanya kikubwa kabisa, kikakataa. Na hawakuelewa ni kwa nini, walikuwa watoto, hawakujua kwamba ukiongeza ukubwa kidogo, nguvu inayotakiwa inaongezeka kwa mbio kuliko ukubwa wenyewe. Lakini mtoto ambaye ameshaona kwa macho yake kikubwa kinakataa, amebeba hilo swali kichwani, na hakuna mtu alimpiga wala kumwandikia alama nyekundu.

Tarehe 17 Desemba 1903 wakapaa na mtu ndani, sekunde 12, mita kama 36. Kutoka hapa hata geti la kule nje haufiki! Na ndege yenyewe waliiunda kwa pesa na vyombo vya duka lao la baiskeli. Kumbukeni Dunlop. Naona mnacheka, lakini hizi hadithi zinajuana.

Sasa kitu cha mfukoni.

(Hapo nikatoa kile kifuniko. Kwa wale hamkuwepo, ni kifuniko cha soda cha kawaida.)

Nimekigonga na jiwe mpaka kikalala bapa. Nimetoboa mashimo 2 kwa msumari, moja huku moja huku, sawasawa kutoka katikati. Nimepitisha uzi wa nailoni nikafunga ncha. Unashika hivi vidole viwili viwili, unazungusha mpaka uzi ujisokote, alafu unavuta. Unalegeza. Unavuta. Unalegeza. Sikieni inavyolia. Mama, rudi nyuma kidogo na kiti, hii inakata.

Nani alicheza hii akiwa mdogo? Kila mtu! Na nani alikufundisha? Hakuna. Uliona mwenzako. Na mashimo yakikaa upande mmoja inakuwaje? Inayumba, inakupiga vidole, unairudisha chini unatoboa upya. Mtoto wa miaka 7 anarekebisha kitovu cha uzito na hakuna mtu amempa alama.

Kuna mwalimu wa chuo cha Stanford kule Marekani, Manu Prakash, alizunguka Uganda hapa karibu, akafika kliniki akakuta ile mashine ya kuzungushia damu imewekwa chini inashikilia mlango usijifunge. Stima hakuna, si ifanye kazi hiyo basi. Mashine hiyo inazungusha damu kwa kasi sana mpaka chembe nzito zikae upande wake na maji ya damu upande wake, na hapo kutafuta wadudu wa malaria kunakuwa rahisi. Prakash na wenzake wakaanza kucheza. Nasema kucheza, walijaribu yoyo, wakajaribu vidude vingine vya kuzunguka, mpaka wakafika kwa hiki, cha uzi na mashimo 2. Wakakipima, wakakuta hesabu yake haijawahi kuandikwa vizuri na dunia imekicheza maelfu ya miaka. Mwaka 2017 wakatoa chao, cha karatasi, uzi na vishikio, kinafika mizunguko 125,000 kwa dakika. 125,000! Kwa mkono! Dakika moja na nusu damu imetengana. Bei ni senti 20 za Marekani, piga hesabu ni chini ya nauli ya kutoka hapa mpaka tauni.

Ile akili ya kupima malaria bila stima ilikuwa imelala hapa ndani ya kifuniko cha soda muda wote tukiwaambia watoto "toa hiyo takataka kwa nyumba".

Vijana wa mlangoni sasa, hii ni yenu, nitaenda haraka sababu naona sufuria ya chai imefika.

Mnashika simu. Mwaka 1738 huko Paris fundi anaitwa Jacques de Vaucanson alionyesha mtu wa bandia anayepiga filimbi, anapuliza upepo kweli, vidole vinacheza, anapiga nyimbo 12. Ndani kulikuwa na pipa lenye pini, pini ndio zinasema kidole gani kiinuke lini. Watu walilipa kuingia kuona. Mtu wa maana angesema ya nini hiyo? Serikali ya Ufaransa ikamchukua akasimamie viwanda vya hariri, akahamisha akili ileile kwa mashine ya kufuma, mashimo yanaambia nyuzi zipi zipande. Mfaransa mwenzake, Jacquard, akaichukua akaiboresha mwaka 1804, kadi zenye mashimo. Mmarekani Hollerith akatumia kadi zenye mashimo kuhesabu watu kwenye sensa ya 1890, na kampuni yake ikaja kuwa sehemu ya IBM, ile kampuni kubwa ya kompyuta. Kompyuta ni mjukuu wa yule mpiga filimbi.

Na 1969 kijana mmoja wa maabara ya Bell, ya kampuni ya simu kule Marekani, Ken Thompson, alikuwa ameandika gemu ya kuendesha chombo angani kwa kompyuta kubwa ya kazini, lakini kucheza mara moja kulikuwa kunakula kama dola 75 za muda wa mashine. Akatafuta mashine ndogo ambayo watu walikuwa wameiacha, akahamishia gemu huko, na kwa ile kuhangaika ndio akapata msingi wa kuandika mfumo wa kuendesha kompyuta unaoitwa Unix. Linux ikaundwa kwa mfano wake mwaka 1991, na kama simu yako ni Android, chini kabisa kuna Linux. Hata hii akili bandia inayowafanyia kazi za shule, eeh nawajua, ilipaa mwaka 2012 baada ya watu kufunza kompyuta kuona picha kwa kadi 2 za video gemu.

Lakini msinishike vibaya hapo. Najua kuna mtu anasema basi nami nabeti, nabuni. Kubeti kwa simu sikuiti mchezo. Mchezo unaweza kuufungua, ukabadilisha sheria, ukaharibu ukatengeneza. Ile ya simu sheria imefungwa na mwenyewe, wewe kazi yako ni kubonyeza na kulia. Ingawa nikiwa mkweli, mwaka 1654 wanahesabu wawili, Pascal na Fermat, waliandikiana barua juu ya wacheza kamari wawili walioacha mchezo katikati, pesa igawanywe vipi, na hapo ndipo hesabu ya uwezekano ilipochipuka, ile bima ya matatu inatoka huko. Kwa hivyo hata hapo kuna kitu, ila aliyefaidika ni aliyeuliza swali, si aliyebeti. Tuendelee.

Sasa Nairobi.

Watoto wetu wacheze wapi? Niambieni. Kwa ploti keateka anafukuza, mpira utagonga gari la mpangaji. Barabarani ni boda boda. Uwanja ulikuwa hapa ukawa parking, ule mwingine ukawa ghorofa, ule wa shule una ukuta. Mnakumbuka Januari 2015, watoto wa shule ya msingi ya Lang'ata Road walirushiwa vitoa machozi wakijaribu kubomoa ukuta uliojengwa kuchukua uwanja wao. Watoto wa sare! Dunia nzima iliona. Nani alikuwa anapigania maendeleo siku ile, mwenye ukuta au wao?

Alafu tuisheni. Jumamosi tuisheni, likizo tuisheni, mtoto wa gredi ya 3 anabeba begi linamrudisha nyuma. Na huu mtaala mpya umekuja ukisema watoto wafanye kwa mikono, sawa, ni vizuri, mimi nilifurahi. Na sisi wazazi tumefanya nini? Tunawafanyia! Wazazi wanakuja dukani kwangu saa mbili usiku, "fundi nitengenezee gari la waya, linatakikana kesho". Nani anasoma shule hapo, mtoto au mimi?

Kuna mama mmoja alikuja anataka feni ya kuzungushwa na betri, kazi ya mtoto. Nikamwambia lete mwenye kazi. Akakasirika kidogo lakini akamleta, kijana mdogo hivi, haongei. Nikampa mota niliyotoa kwa DVD iliyokufa, betri 2, waya, na kifuniko cha Blue Band akate mapanga. Nikaendelea na kazi yangu. Akakata mapanga, akayakunja, akaunganisha, feni ikazunguka lakini upepo unaenda nyuma, waya alikuwa amegeuza. Nikangoja aulize. Hakuuliza. Aliweka mkono nyuma ya feni, akausikiza ule upepo, akatoa mkono, akarudisha. Akaniangalia. Akauliza kama nina beseni.

Nikampa beseni. Akachukua sponji ya kuoshea vyombo, akafunga mota juu yake na raba, mapanga nje upande wa nyuma, akaiweka kwa maji. Ikaenda! Ikavuka beseni ikagonga upande wa pili, akaigeuza, ikarudi. Wateja waliacha kuniuliza bei wakaja kuangalia mashua. Mama yake alikuwa ameshika mfuko wa sukuma, ameganda hapo.

Kesho yake aliipeleka shule. Iliandikwa kwamba waliambiwa feni, akapata alama za chini. Mwalimu aliyeandika hivyo simlaumu sana, fomu ilisema feni na ana watoto 70 darasani, lakini tukikaa hivi, mwenyekiti, walimu, tunaweza kukubaliana kwamba mtoto akigeuza kazi ikawa kitu kingine kinachofanya kazi, kuna mahali pa kuandika hilo kwa fomu? Hata mstari mmoja.

Na lingine la mwisho ni dogo. Hapa nyuma ya huu ukumbi kuna uwanja, mumeona nyasi zimefika magotini. Geti lina kufuli. Nimeuliza kwa wiki kadhaa nani ana funguo, huyu ananituma kwa yule, yule anasema iko kwa ofisi, ofisi wanasema iko kwa mlinzi, mlinzi anasema yeye hulinda tu. Mimi niko tayari kuleta fyekeo na vijana hawa wa mlangoni wako tayari, si mko tayari? Wameitikia. Na nina gunia la redio mbovu na mota na waya, watoto wafungue waone ndani, Jumamosi mchana, bila malipo, mzazi asikuje kumfanyia mtoto.

Kwa hivyo mwenyekiti, kabla ya maswali na kabla ya chai, tuanze na hilo. Funguo iko kwa nani?